Memory iliyotengwa kwenye kompyuta ya mama: kosa langu la wiki tatu

Wakuu, habari za mchana.

Nimekuwa hapa jukwaani miaka kadhaa nikisoma nyuzi za wengine na kuondoka kimya. Juzi kuna member aliuliza swali kwenye uzi wa wale wanaojifunza kuandika OS. Aliuliza: nitajuaje sehemu gani ya memory imetengwa, na gani ni yangu kutumia?

Watu wakamrushia link mbili tatu, wakaendelea na mambo mengine.

Mimi nilianza kumjibu mara tatu nikafuta mara tatu. Jibu langu lina mama yangu ndani yake, na kila nikijaribu kumtoa linabaki halina maana. Kwa hivyo wacha nilisimulie lote, pamoja na zile sehemu zinazoniaibisha. Majina nimebadilisha. Mengine yote yako vile yalivyotokea.

Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika college moja hapa Kakamega town. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine zinawaka kabla wanafunzi hawajaingia. Lakini kwa muda wangu nimekuwa nikiandika OS ndogo, ile programu ya kwanza inayoshika mashine ikiwashwa, ambayo programu zingine zote hukaa juu yake. Sikuwa na lengo lolote. Kuna watu hufuga njiwa, mimi nilikuwa na hiyo.

Mama ni mwalimu mstaafu, anakaa Shianda, nyumba ile ile tulimozaliwa. Alianza kufundisha nchi ikiwa imepata uhuru juzi juzi, msichana mdogo aliyepewa darasa lenye wanafunzi wengine wakubwa kumliko. Mpaka leo watu wenye mvi wakikutana naye njiani wanavua kofia na kumwita Mwalimu.

Halafu akapata stroke.

Mkono wa kulia ukalegea. Mdomo ukakataa. Daktari alituambia anaelewa kila kitu, ana maneno yake yote, ila ulimi na koo haviwezi kuyatoa. Kalamu kwa mkono wa kushoto ilikuwa inatetemeka mpaka karatasi inachanika. Lakini niligundua anaweza kubonyeza kitu kwa kidole kimoja. Polepole, lakini anabonyeza pale anapotaka.

College ilikuwa inaondoa desktop za zamani. Nikaomba moja, nikaibeba mpaka Shianda.

Sasa kabla mtu aniulize mbona sikumwekea tu Windows au Linux: niliweka. Shida ni stima. Kule kwetu stima inaweza kupotea mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Ikirudi, mashine inaanza kuchunguza disk, inauliza password, inasema kuna update. Mama anakaa hapo dakika nane akingoja ili aseme tu kwamba anasikia baridi. Siku moja nilimkuta amefunika skrini na leso. Alikuwa amechoka nayo.

Nikasema, hii nitamwandikia mimi.

Nilichukua ile OS yangu nikaikata ibaki mifupa. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, unahesabu mpaka tano, skrini nyeusi inatokea na herufi kubwa nyeupe. Unaandika. Mstari unaoandika unaonekana chini. Ukibonyeza F1, inakusomea kila kitu ulichoandika tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Kila dakika inajihifadhi yenyewe kwenye disk, ili stima ikipotea hupotezi kitu.

Niliweka herufi kubwa tu, na nukta. Hakuna alama zingine. Baiti yoyote, yaani namba moja ndogo, ambayo programu inaikuta kwenye memory inaigeuza kuwa herufi. Nilijisifu sana kwa hilo, nikaona nimerahisisha maisha. Shikilieni hapo kwanza.

Tundu la duara la kuchomekea keyboard kwenye ile mashine lilikuwa limekufa, nikamnunulia keyboard ya USB.

Siku ya kwanza mama aliandika hivi: CHAI YA KHADIJA NI MAJI.

Khadija ni jirani yetu, mama wa makamo, ndiye anamsaidia mama kuoga na kupika. Aliposoma alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Baba Neema, umemrudisha Mwalimu na ukali wake."

Wiki tano zilizofuata zilikuwa nzuri, sitadanganya. Mimi nilikuwa naenda Jumatano jioni na Jumamosi. Nikifika naamkia, nakaa, nabonyeza F1, nasoma aliyoniandikia asubuhi. Alikuwa anauliza habari za watoto. Alikuwa anasahihisha Kiswahili cha matangazo ya redio. Aliandika majina ya wanafunzi wake wa darasa la kwanza kabisa, wote, kwa mpangilio wa madawati walivyokaa.

Halafu maneno yakaanza kuharibika.

Mwanzo ni kidogo. Nakumbuka Jumatano moja nilisoma hivi: WESONGA MWAMBIE MAKOKHA KWAMBAP PPA HQMA AAAA NDIO MAANA.

Wesonga ni mimi. Nikadhani kidole kimeteleza. Nikamuuliza, "Mama, hapa ulitaka kusema nini?" Akatazama skrini, akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikachukulia kwamba amesahau.

Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Nusu ya ukurasa ilikuwa na maana, nusu ilikuwa herufi tu zimemwagika. Wiki iliyofuata, kurasa mbili nzima.

Ukisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho ilikuwa kama kumwona mtu anaondoka. Wiki za kwanza mwalimu. Katikati anajikwaa. Mwisho hakuna mtu.

Makokha ni kaka yangu mkubwa, yuko Eldoret na familia yake. Si mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuja Jumapili moja, akakaa mbele ya ile mashine akasoma zote. Alipomaliza hakuinuka. Alikuwa ameshika goti lake analifinya.

Baadaye tukatoka nje, tukasimama karibu na shamba la miwa.

"Wesonga, wacha tuseme ukweli," akaniambia. "Mama anaenda."

"Daktari alisema akili iko sawa."

"Daktari alisema hiyo mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Wewe umesoma yale maneno. Ama ni hiyo mashine yako?"

Wakuu, hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo si la kompyuta.

Nilimwambia mashine iko sawa.

Na sikusema kwa kubahatisha, nilikuwa nimepima. Nilikuwa nimeijaribu hiyo programu kwenye emulator, ile kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta nyingine. Nikaijaza maandishi mpaka juu. Safi. Nikaijaribu kwenye mashine mbili za maabara ya college. Safi. Nilikuwa na uhakika wa fundi, ule uhakika wa mtu ambaye amehesabu.

Makokha akaitikia kwa kichwa. Akasema basi lazima mama aende Eldoret, nyumba ifungwe, kule kuna hospitali karibu na mke wake yuko nyumbani. Tukakubaliana tukae kama familia Jumamosi ya wiki ya pili, tumweleze mama.

Mama alikuwa dirishani. Sijui alisikia kiasi gani.

Hizo wiki sikutulia mahali. Nilikuwa nasimamia wanafunzi maabara, nashtukia nimetoka nje nimesimama karibu na geti na sijui nimefuata nini. Nikikaa kula nainuka. Mke wangu aliniuliza kama nangoja simu. Kichwani nilikuwa nasema programu iko safi, programu iko safi, na nikisema hivyo nahisi kama nimeacha jiko likiwaka mahali.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Khadija alikuwa ameniambia siku zingine keyboard inakataa kabisa, mpaka azime mashine awashe upya. Nikamwambia ni keyboard rahisi. Akanijibu kitu nilichopuuza. "Lakini mimi nakaa hapa nikiona Mwalimu akiandika," akasema. "Anaandikanga vizuri. Mstari ule wa chini nausoma. Ni baadaye ndio unageuka."

Nikamwambia pengine hakuona vizuri.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kikao, niliomba ruhusa nikaenda Shianda mchana. Sikuwa na sababu. Nilishindwa tu kukaa.

Mama alikuwa mbele ya mashine. Aliponiona hakungoja niamkie. Alinishika mkono wa shati kwa ule mkono wake mzuri akanivuta mpaka kwenye kiti, akanikalisha. Kisha akaelekeza kidole kwenye macho yangu, halafu kwenye keyboard.

Tazama.

Akaanza kuandika. S. I. T. A. K. I. Akaacha nafasi. K. U. H. A. M. A. Nukta.

SITAKI KUHAMA.

Akaniangalia kama anayeuliza, umeona? Nikasema nimeona.

Akaandika tena. SITAKI KUHAMA. Na tena. Kila herufi nilikuwa naiona ikitokea kwenye mstari wa chini, na kila mstari ulikuwa sawa. Alikuwa anafanya vile walimu wa zamani walivyokuwa wanatufanyia ukikosea: andika mara ishirini. Ila safari hii ni yeye aliyekuwa anaandika na mimi ndiye niliyekuwa nafundishwa.

Ilichukua karibu nusu saa. Khadija alikuja akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

Mstari wa ishirini ulipoisha, mama akainua kidole akabonyeza F1, akapeleka mpaka ukurasa wa mwisho.

Mistari sita ya kwanza ilikuwa sawa. Wa saba ulikuwa SITAKI KAAAA. Wa nane haukuwepo kabisa, kulikuwa na P kumi na kitu. Wa tisa mpaka wa kumi na mbili sawa. Wa kumi na tatu umechanganyika. Vivyo hivyo mpaka chini.

Mama akagusa kichwa chake, akatikisa: hapana. Akagusa ile mashine. Ndiyo. Kisha akanigusa mimi kifuani na kidole kile kile, akakiacha hapo.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Niliporudi nilifungua begi nikatoa laptop, nikaanza kazi pale pale mezani kwake.

Sasa hapa ndipo jibu la yule member lilipo, nisomeni polepole.

Fikiria memory kama daftari moja refu, kila mstari una namba yake. Mashine ikiwaka, hilo daftari haliko tupu. Kuna programu imekaa ndani ya mashine tangu kiwandani, tunaiita BIOS. Ndiyo inayoamsha kila kitu kabla OS yako haijafika. Na BIOS haiondoki ikishakukabidhi. Inabaki na kurasa zake kwenye daftari, inaendelea kuandika humo wakati wewe unafanya kazi. Hizo ndizo sehemu zilizotengwa. Hazina kufuli. Ukiandika hapo mashine haikukatazi. Inanyamaza tu, halafu inaandika juu yako.

Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba kwenye zile kilobaiti 640 za kwanza, BIOS inachukua kilobaiti moja ya mwisho. Nikaiacha hiyo moja. Nikaweka maandishi ya mama kuanzia kilobaiti ya 576, yakipanda kwenda juu mpaka 639.

Kwenye emulator ni kweli kabisa, inachukua moja. Mashine za college pia.

Lakini hiyo ya mama ilikuwa model nyingine, na BIOS yake ndiyo iliyokuwa inahudumia keyboard ya USB, kwa hivyo ilihitaji nafasi kubwa zaidi ya kuweka hesabu zake za vitufe. Sikujua. Sikuuliza.

Na kuuliza ni rahisi, hiyo ndiyo inaniuma. Kuna huduma ya BIOS, wanaosoma mambo haya wanaijua kwa namba yake, E820. Unaiita mapema kabisa OS inapoanza, na inakupa orodha. Kila mstari wa orodha una vitu vitatu: sehemu inaanzia wapi, ina urefu gani, na ni ya aina gani. Aina ya kwanza ni huru, tumia. Aina ya pili imetengwa, usiguse. Kuna aina zingine, lakini kwa anayeanza, chochote kisicho cha kwanza si chako.

Niliandika programu fupi ya kuchapa hiyo orodha kwenye skrini ya mama. Ikatoa mistari saba.

Mstari wa kwanza: huru, kutoka sifuri mpaka kilobaiti 598.

Mstari wa pili: kutoka 598 mpaka 640, imetengwa.

Nikakaa nikiitazama. Kutoka 576 mpaka 598 ni kilobaiti ishirini na mbili, yaani kama herufi elfu ishirini na mbili. Mama kwa kidole kimoja anaandika kama herufi mia sita kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Ni wiki tano na siku chache.

Wiki tano nzuri. Halafu maandishi yake yakavuka mpaka, yakaingia kwenye kurasa za BIOS. Kila akibonyeza kitufe, BIOS inaandika mambo yake juu ya maneno yake. Na maneno yake yakiangukia mahali pabaya yanaharibu hesabu za BIOS, keyboard inaganda. Khadija alikuwa ameniambia yote mawili.

Na kwa sababu programu yangu ilikuwa inageuza kila baiti kuwa herufi, uchafu wa mashine ulitoka ukiwa umevaa sura ya maandishi ya mtu. Kama ningeacha zile alama za ajabu ajabu zionekane, hata mtoto wa darasa la pili angesema kompyuta imeharibika. Mimi niliziosha zikawa A na P na Q, zikaonekana kama akili ya mama yangu.

Kurekebisha kulichukua saa mbili. Nilifanya programu iombe orodha kwanza, itafute sehemu huru, iweke maandishi humo tu, na ikikaribia mpaka isimame na kusema imejaa. Nikahamisha maandishi yake chini, mbali na mpaka.

Mama akaandika tena. Safari hii mistari kumi ilitosha. F1. Yote kumi ilikuwa sawa.

Hakutabasamu. Aliinama akaweka paji la uso kwenye ule mkono wake mzuri akakaa hivyo muda mrefu. Khadija akaja akamshika mabega. Mimi nilikuwa natazama waya za nyuma ya mashine kana kwamba kuna kazi imebaki huko.

Kisha nikampigia Makokha.

Nilimwambia, "Brother, ilikuwa ni mashine. Ni mimi."

Akauliza, "Yote?"

"Yote."

"Na mimi nimeshamwandalia chumba," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema atakuja Jumamosi hata hivyo.

Alikuja. Hatukufanya kikao. Alivuta kiti mpaka kando ya mama, akawa anauliza na mama anajibu kwa kidole, saa nzima na zaidi. Mama alimwambia kwa nini hataki kuondoka: baba amezikwa hapo, watu wanamjua hapo, na Eldoret angekuwa mgonjwa wa mtu fulani lakini Shianda bado ni Mwalimu. Alikubali jambo moja, kwenda hospitali ya Eldoret kila baada ya miezi mitatu na kurudi. Makokha alisoma kila mstari kwa sauti, kama anayetaka kuhakikisha ameusikia.

Alipokuwa anaondoka alimwamkia mama upya, kwa heshima zote, kama aliyefika sasa hivi.

Naongeza machache kwa wanaoandika OS, halafu nimalize.

Usijaribu kutafuta memory kwa kuandika kitu na kusoma kama kimekaa. Ya mama ilikuwa inakaa, kwa sekunde kadhaa. Uliza orodha.

Orodha yenyewe usiiamini kama maandiko matakatifu. Inaweza kuja bila mpangilio, ipange mwenyewe. Sehemu mbili zinaweza kulaliana, moja ikisema huru na nyingine imetengwa: chukua iliyotengwa. Mistari yenye urefu wa sifuri, ruka.

Orodha haijui OS yako iko wapi. Itakwambia sehemu ni huru na wewe mwenyewe umekaa humo. Jitenge. Na zile baiti za mwanzo kabisa, kwenye sifuri, kuna vitu vya BIOS hata kama orodha inasema huru. Ziache.

BIOS ya zamani sana isipojibu, usijaze kwa kukisia. Chukua kidogo ambacho una hakika nacho na ukae hapo.

Na jaribu kwenye mashine ile ile mtu atakayoitumia. Emulator ni mgeni mpole, haikuonyeshi tabia za nyumbani.

Hayo ni ya kompyuta. Lile lingine ni hili: niliamini vipimo vyangu kuliko mtu aliyekaa mbele yangu. Watu wawili waliniambia ukweli, mmoja hana sauti na mwingine hana cheti cha kompyuta, na nikawarekebisha wote wawili kwa upole. Sasa hivi mtu akiniambia mashine inageuza kitu, namwambia nionyeshe, halafu nakaa.

Kuna kitu hakikurudi. Zile kurasa za wiki tatu zilikuwa zimeshahifadhiwa kwenye disk zikiwa zimeharibika. Nilijaribu kila njia, hazipo. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza mama kama anakumbuka alikuwa ameandika nini humo, ili nimsaidie kuyaandika upya.

Aliandika polepole, bila kuniangalia.

NILIKUWA NAWAAMBIA MASHINE INAHARIBU MANENO YANGU. NILIWAAMBIA KILA SIKU.

Basi wakuu, ni hayo. Wenye mashine zinazotoa orodha za ajabu, wekeni hapa chini tuzisome pamoja, nitajibu kila mmoja. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu anajaribu kuwaambia kitu na mmeamua hana maana, ningependa kusikia pia mlifanya nini.